Fundi Niko, Aliyechora Nyuso Zote za Mkuti Isipokuwa Mmoja

Wasifu wa marehemu Nikolao Alfredi Chilumba, 1979–2024. Unasomwa na mdogo wake, Dominika, nyumbani Mkunya, Newala, Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024.

Ndugu zetu wa Mkunya, na ninyi mliopanda milima kutoka Masasi tangu asubuhi, familia imenipa kazi ya kusimulia maisha ya kaka yetu. Nimeandika kwa siku mbili na nimefuta mengi. Yaliyobaki ndiyo haya. Mojawapo limebaki kwa sababu mzee mmoja aliyekaa hapa mbele ameomba lisifutwe.

Marehemu Nikolao alizaliwa hapa Mkunya tarehe 12 Machi 1979, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Alfredi Chilumba, ambaye naye ametangulia, na mama yetu Bibiana. Baada yake tulifuata mimi, kisha Winfrida. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Mama husema siku aliyojifungua, maji yalikuwa yakifurika juu ya tangi na hakuna mtu aliyehangaika kuyakinga, jambo ambalo mtu wa Newala akilisikia huomba lirudiwe.

Tangi hilo ndilo lile la saruji mnaloliona nyuma ya jiko, la kuvunia maji ya mvua kutoka bati. Mwaka 1988 lilipasuka ufa, na fundi alipokuwa akiliziba wakati wa kiangazi, Nikolao, mwenye miaka tisa, aliingia ndani na msumari. Kabla saruji haijakauka akachora samaki kwenye ukuta wa ndani, chini kabisa, karibu na sakafu. Mama alipomwona samaki huyo akauliza ni nani amemtia mnyama kwenye maji ya kunywa. Nikolao akamjibu kwamba samaki hachafui maji, na kwamba amemweka pale kwa kazi maalumu: tangi likijaa hataonekana, na siku atakapoonekana, mama ajue maji yamebaki ya siku chache na watu waanze kuteremka bondeni na ndoo. Mama alitaka kumchapa, akashindwa, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Tangu mwaka huo nyumba hii inapima maji kwa samaki. Ukifika mwezi wa tisa, swali la asubuhi baada ya shikamoo ni moja tu: samaki ameonekana?

Alisoma Shule ya Msingi Mkunya kuanzia mwaka 1987 hadi 1993. Mwalimu wake wa darasa la tano, mwalimu Cuthbert, hakuwa na ramani ya ukutani, basi alimpa Nikolao kazi ya kuichora Afrika. Akaichora kwa mkaa, udongo mwekundu, na salfa ya mikorosho aliyoichota kwenye mfuko wa baba kwa ajili ya rangi ya njano. Jangwa la Sahara lilikuwa la salfa tupu. Darasa zima lilipiga chafya juma zima, na baba akapungukiwa dawa ya mikorosho miwili. Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Mimi nilichaguliwa miaka mitatu baadaye, na ndiye aliyenibebea sanduku hadi stendi. Sikumbuki hata siku moja aliponionea wivu. Nalitaja hapa kwa sababu sikuwahi kumwambia kwamba niliona.

Mwaka 1996 alishuka Masasi na kupokelewa na fundi Mudathiri, aliyekuwa akiandika majina ya maduka na kuchora mabango pale Mkuti, karibu na soko. Wengi wenu mnamkumbuka mzee yule na kofia yake yenye madoa ya rangi. Alikuwa na desturi moja ya kufundishia. Ukishachora kitu vizuri, herufi, soda, kichwa cha ng'ombe wa buchani, alikufunga kitambaa machoni akakuambia uchore tena. Hakukuruhusu kwenda mbele hadi mkono wako ukifanye peke yake. Nikolao alifungwa kitambaa hicho kwa miaka minne. Alipofunguliwa moja kwa moja, alikuwa na kipawa ambacho sijakiona kwa mtu mwingine: kitu alichowahi kukichora hata mara moja, angekichora tena gizani. Na kitu ambacho hakuwahi kukichora, mkono wake haukukijua kabisa. Naomba mlishike jambo hili, kwa sababu ndipo yalipotokea yote ya mwishoni.

Kuanzia mwaka 2001 alijitegemea. Uchochoro ule wa nyuma ya soko, kati ya saluni ya Nurdini na mashine za ushonaji, ulikuwa wa kuta zenye ukungu na matangazo ya mganga yaliyochanika. Alianza na ukuta wa Nurdini. Hakuchora vichwa vya wanamuziki kama saluni nyingine, alichora wateja wenyewe: muuza mihogo, dereva wa lori la korosho, kiziwi aliyekuwa akifagia soko, kila mmoja na kichogo chake kilivyo. Watu walikuja kujitazama. Baadaye walikuja kuomba. Mtu akitoka hospitali salama, au binti akifaulu, au mzazi akifariki, walimwita Fundi Niko amweke ukutani. Wachoraji wengine wakahamia, mmoja kutoka Nachingwea na mwingine kutoka Tunduru, ukuta wa fundi baiskeli ukapata simba, duka la khanga likapata bahari. Wapigapicha za harusi walianza kuwaleta maharusi pale. Mtu mgeni akiuliza njia Mkuti aliambiwa pinda kwenye uso wa bibi Josephina, nenda hadi kwenye uso wa kiziwi.

Mwaka 2004 alifungua banda la video kwenye uchochoro huohuo, lenye mabenchi kumi na mawili na televisheni moja yenye tumbo kubwa. Mabanda ya namna hiyo watu huyaita vibanda umiza, kwa namna mnavyobanana, lakini lake liliitwa kwa Niko tu. Kila alasiri baada ya sala ya alasiri alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, na maiki mkononi, akitafsiri filamu. Kutafsiri ni neno la heshima. Filamu za Kichina, za Kihindi na za Kinigeria zilipoingia mdomoni mwake zilikuwa zimeshahamia huku kwetu. Jambazi alikuwa mtu wa Lisekese aliyekuja mjini kwa baiskeli ya mkopo. Mama mkwe mkorofi siku zote alitoka Newala, na alipogombana alisema Chimakonde safi. Akina mama wa Kimakua walipokuwa wengi bandani aliwawekea maneno yao, na walioyaelewa waliwageukia wasioyaelewa kuwatafsiria tafsiri. Nasibu, dereva wa bodaboda aliyekaa benchi la mbele kwa miaka kumi na tano, aliniambia juzi kwamba aliwahi kuiona filamu moja kwa Niko, kisha akaiona Dar es Salaam bila Niko, akadhani wameikata.

Kisa kimoja sina budi kukieleza. Mwaka 2006 alichora kwenye mlango wa banda mchezaji wa mapiko akiwa na kinyago chake na nguo zilizomfunika mwili wote. Kama mnavyojua, sisi wanawake hatujui aliye ndani ya kinyago, na hatuulizi. Nikolao alificha kila kitu inavyotakiwa, isipokuwa miguu aliichora kama alivyoiona, na mguu wa kulia ulikuwa hauna kidole cha mwisho. Asubuhi ile akina mama waliokuwa wakipita sokoni walisimama, wakatazama, wakaendelea na safari wakiwa wamefunika midomo kwa khanga. Kabla ya adhuhuri wazee walikuwa wamefika. Alitozwa kuku wawili na kuamriwa kurekebisha. Akarekebisha kwa kumvalisha yule mchezaji raba nyeupe za kamba. Raba hizo zipo hadi leo. Mwenye mguu naye yupo, na yumo humu msibani, na sisi wanawake bado hatumjui.

Ng'ambo ya uchochoro, kwenye baraza la washonaji, alikuwepo binti aitwaye Rahima, mtoto wa mzee Salmini wa Lisekese. Nikolao alichelewa mwaka mzima kumsemesha, na siku alipomsemesha alipeleka suruali isiyochanika. Rahima aliigeuza ndani nje, akamrudishia na kumwambia, "Fundi, hii ngoja ichanike kwanza. Au sema ulichokuja kusema."

Kufunga ndoa hakukuwa rahisi. Mzee Salmini ni mtu wa swala tano, na familia yake imefanya biashara na kilimo hapo Masasi tangu zama za babu wa babu yake. Mkwe Mkristo alikuwa mzigo. Mkwe mchora watu alikuwa mzigo wa pili, na ule wa pili ulimsumbua zaidi. Mwisho alikubali yote kwa sharti moja. Alimwita Nikolao peke yake, akamwambia kwamba kazi yake ni yake na riziki ni ya Mungu, lakini uso wa binti yake asiuchore, ukutani wala karatasini. Nikolao alimpa mkono. Ndoa ilifungwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Masasi, tarehe 7 Desemba 2007. Mungu aliwajalia watoto wawili, Shakila mwaka 2009 na Alfredi mwaka 2013. Nyumba yao ilikuwa na kelele nzuri. Wakati kila mtu wa Mkuti alikuwa na uso wake mahali fulani, watu walimtania Rahima kwamba mke wa mchoraji ndiye asiyejulikana. Alikuwa akijibu kwamba wengine wanatazamwa na wapita njia, yeye anatazamwa na fundi mwenyewe.

Mwaka 2019 Nikolao aligundulika kuwa na kisukari. Alikunywa dawa alipokumbuka, na soda alikunywa hata asipokumbuka. Mwezi Mei 2021, akiwa kwenye ngazi anarudishia rangi ukuta wa Nurdini, alianza kufuta doa jeusi pembeni ya uso wa muuza mihogo. Akafuta kwa kitambaa, akafuta kwa mafuta ya taa, akakwangua kwa kisu. Nurdini alitoka nje na mkasi mkononi, akamwuliza, "Fundi, unafuta nini hapo? Mbona pasafi?" Nikolao alishuka, akaenda kukaa bandani. Doa lilimfuata huko.

Ilikuwa damu inavuja ndani ya jicho. Alitibiwa Ndanda, kisha Dar es Salaam, na waliomhudumia walifanya walichoweza, ila jicho la kushoto lilikuwa limekwisha na la kulia lilikuwa njiani. Hakumwambia mtu isipokuwa Rahima na mimi. Bandani Rahima alihamisha kigoda chake akakaa ubavuni mwake, akimnong'oneza: mwanamume ameingia, ana panga, sasa analia. Yeye akayageuza kuwa hadithi papo hapo. Wateja walimcheka kwamba siku hizi fundi analindwa na mama Shakila asije akapenda waigizaji.

Hapo ndipo hofu yake ilipoanza, na haikuwa hofu ya giza. Mwezi Machi 2022 alinipigia simu nikiwa shuleni ninakofundisha, akanieleza kwa utulivu kama mtu anayetoa maelekezo ya safari. Nyuso zote za Mkuti mkono wake ulikuwa nazo. Uso wa mama, wangu, wa Winfrida, wa watoto, zote alishawahi kuzichora, na hata akipofuka angeweza kukaa akazichora akiwa na kiu nazo. Wa Rahima hakuwa nao. Miaka kumi na minne ameutazama na mkono haujaugusa hata mara moja. "Macho yakifa, Domi, nitakuwa nao wa kichwani tu," alisema. "Wa kichwani unafutika." Nilimwambia auchore kwa siri, kwenye daftari, nani atajua. Akaniambia alimpa mzee mkono. Nilimwambia basi kuna picha za simu. Akaniuliza kwa upole mtu asiyeona anafanya nini na picha ya simu.

Alikwenda Lisekese mwezi huohuo, akamwomba mzee Salmini amfungulie ahadi. Na hapa ndipo alipokosea, kama ni kosa. Alimwambia mzee kwamba macho yanachoka. Hakumwambia kwamba yanakufa. Rahima alitaka kumweleza baba yake mwenyewe, Nikolao akamkataza. "Nikimwambia atanionea huruma," alisema. "Sitaki anihurumie. Nataka akubali." Hivyo mzee alifanya kile ambacho mzee yeyote mwenye busara hufanya anapoombwa jambo zito na mtu asiye na haraka. Alisema atafikiri. Alimwuliza shehe wake. Akasubiri kumwuliza kaka yake aliyeko Chiungutwa. Msimu wa korosho ukaingia, kisha kaka yake akaugua, kisha akafariki. Nikolao hakumkumbusha. Kila jioni, wakati mwanga ukiwa bado wa kutosha, alimkalisha Rahima mlangoni na kumtazama kwa lile jicho moja, na mikono yake ameikalia.

Tarehe 2 Februari 2023 Rahima alikuwa matangani Chiungutwa, kwenye msiba wa baba yake mkubwa huyo. Nikolao hakutaka kufunga banda. Aliweka filamu ya Kinigeria aliyoijua kwa moyo, au alidhani ameiweka. Ilikuwa nyingine. Jicho la kulia siku hiyo liliona mwanga na vivuli tu. Aliposikia ngoma na sauti kali za wanawake alidhani ni vigelegele, akashika maiki akaanza kueleza harusi. Alisema bibi harusi huyo anatolewa ndani, mtazameni anavyojivuta, mama zake hawana la kusema, mahari ya ng'ombe wa Nachingwea hiyo. Bandani watu walicheka sana. Kwenye televisheni lilikuwa limetolewa jeneza. Walidhani ni utani wake, na utani ulikuwa mzuri. Akaendelea. Akawaita wapambe. Akamsifu bwana harusi. Kicheko kikapungua benchi baada ya benchi, mpaka ikabaki sauti yake na ngoma.

Nasibu aliinuka benchi la mbele, akaenda akakaa kwenye kigoda cha Rahima. Akamwambia sikioni, lakini maiki ilikuwa wazi na wote walisikia: "Fundi, wanazika."

Nikolao akainua maiki na kusema kwa sauti ileile ya kila siku, "Ndiyo, ndugu zangu. Tunamzika." Na akaitafsiri filamu hiyo hadi mwisho, Nasibu akimwambia na yeye akisema, na hakuna mtu aliyetoka.

Baada ya siku hiyo wateja walipeana zamu ya kigoda bila kupangwa. Wengine hawakungoja zamu, walipiga kelele kutoka nyuma, jambazi yuko nyuma ya mlango fundi, huyo si mke ni shemeji. Nilikwenda mara moja nikaona banda zima likimtazamia mtu mmoja. Nilidhani inampa nguvu. Mwezi Julai alilifunga. Alisema kila mtu anamletea filamu yake, na hajui tena ipi ni ya kweli.

Mzee Salmini alifika Mkuti tarehe 14 Septemba 2023, nyuma ya bodaboda, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi. Alikataa chai. Alisema amekaa na neno hili mwaka na nusu, ameona kijana amelinda ahadi bila kuvunja wala kulalamika, na mtu wa namna hiyo hana haja ya kufungwa kwa ahadi. Akasema, "Mwanangu, mchore."

Nikolao alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza upande sauti ilikotoka. Rahima alikuwa mlangoni. Nikolao alisema, "Ahsante, baba. Nitamchora." Akamwomba mzee amsalimie mama, akamsindikiza kwa hatua zake za kuhesabu hadi kizingitini, akasimama pale mpaka pikipiki iliposikika imefika barabarani.

Siku iliyofuata mchana alimwomba Rahima asimame na mgongo kwenye ukuta wa nje wa banda. Alichukua mkaa akamzungushia: bega, shingo, khanga ilivyopanda kichwani, bega la pili. Rahima akatoka, likabaki umbo lake. Kisha akarudi kusimama pembeni, na Nikolao akawa anamgusa kwa mkono wa kushoto na kuchora kwa wa kulia. Paji la uso. Pua. Midomo, kwa muda mrefu. Majirani walikuwa wametoka kwenye milango yao na hakuna aliyekaribia. Alipofika kwenye macho alikwama. Kila alipoyagusa yalifumba. Alijaribu taratibu, kwa ncha ya kidole, akamwomba Rahima ajitahidi asifumbe, na Rahima alijitahidi hadi machozi yakamtoka, lakini jicho la binadamu halikubali. Vidole vyake vilipata kope zilizofungwa tu. Nurdini anasema alirudia hadi alasiri ikapita. Kisha akaweka mkaa chini na kusema inatosha, na akamwomba Rahima ampeleke ndani.

Mwezi Machi 2024 figo zilishindwa. Tulimpeleka Mtwara akawa anasafishwa damu kwa mashine, akiishi kwa Winfrida. Alivumilia miezi sita. Mwezi Septemba alituomba tumrudishe Mkunya, na aliposema hivyo sote tulijua anaomba nini. Tulimbishia siku nne. Siku ya tano tulikodi gari.

Siku zake za mwisho hazikuwa za amani, na sitawadanganya mbele yake. Maumivu aliyabeba. Kilichomshinda ni kingine. Jumatatu iliyopita nilikuwa nimekaa naye, Rahima akiwa anamkanda miguu. Akasema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo tuliyoyaacha jana, "Nilikuwa nikifumba namwona. Sasa hata nikifumba hayupo."

Rahima alimwambia, "Nipo, baba Shakila. Ndiye mimi hapa."

"Sauti ninayo," alimjibu. "Uso sina."

Rahima aliuchukua mkono wake akauweka usoni kwake. Ukakaa pale. Vidole havikusogea kutafuta kitu, vilikaa tu kama vilivyowekwa. Sikuwahi kuuona mkono ule umekaa bila kazi.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 16 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, hapa nyumbani, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Rahima alikuwa uani anachota maji ya kumwogesha. Nikolao aliisikia kamba ya ndoo, akauliza kwa sauti ya chini, "Samaki ameonekana?" Nikalipeleka swali nje. Rahima akajibu kwa nguvu ili asikike ndani: "Bado, baba Shakila. Maji yapo." Samaki alikuwa ameonekana tangu wiki mbili zilizopita. Nikolao aliitika. Rahima alipoingia na ndoo, alikuwa ameshaondoka.

Mzee Salmini aliambiwa yote siku hiyohiyo, kwa mara ya kwanza, pamoja na kwamba macho yalikuwa yakifa tangu siku ile alipoombwa. Alikaa na mama yetu mchana kutwa. Jana aliniita akaniuliza kama nimeandika habari ya ahadi. Nikamwambia nimeifuta, kwa heshima yake. Akaniambia, "Irudishe, mwanangu. Andika kwamba aliniomba na mimi nikachelewa." Nilimwambia hakuwa amejua. Akasema, "Andika na hilo. Lakini la kuchelewa lianze." Nimeandika, mzee. Sisi sote tuliojua tulinyamaza, na hilo nalo nimeliandika.

Alhamisi wachoraji wenzake wa uchochoro walikwenda bandani na rangi zao, wakitaka kuimalizia ile picha ya mkaa, kuitia macho kabla ya mazishi, kama zawadi kwa familia. Rahima alipopigiwa simu aliwashukuru akawakataza. Alisema waiache, kwa sababu ndivyo Nikolao alivyomfahamu mwishoni. Msimu uliopita upenu wa bati uliukinga, lakini mkaa hauvumilii mvua. Hilo naye analijua.

Marehemu ameacha mama, Bibiana Alfredi, mke, Rahima Salmini, watoto wawili, Shakila na Alfredi, dada wawili, mimi Dominika na Winfrida, baba mkwe, mzee Salmini, pamoja na mama mkwe, wapwa watano, mafundi wenzake, na wateja wa benchi zote kumi na mbili. Ameacha nyuso mia mbili na kumi na saba kwenye kuta za Mkuti, kwa hesabu ya Nurdini, ambaye alizipitia jana moja moja akiwa na kalamu.

Kwa wingi wenu na kwa kupikia msiba, maji ya tangi yamefika mwisho. Leo asubuhi samaki amesimama pakavu, mwili wote hadi mkia, na alama za msumari wa mtoto wa miaka tisa zinaonekana vizuri. Baada ya mazishi vijana watateremka bondeni na ndoo.

Kaka, umepumzika na kutafuta. Mwenyezi Mungu akupe amani, na akurudishie uso ule, ukiwa na macho yamefumbuka.